Babu ametaga: kufuga mjusi wa ndevu kwenye baridi ya Leeds

Nijibu kwanza yale ninayoulizwa na kila mgeni akishakaa tu kwenye kochi na kugeuza macho upande wa kabati: hana sumu, hang'ati ovyo, hanuki ilimradi asafishiwe, na si mtoto wa kenge. Ni mjusi wa ndevu, wenyewe huku Uingereza wanamwita bearded dragon, kitaalamu Pogona vitticeps, kwao ni Australia kule ndani kwenye ukame. Na kama umekulia Bongo ndugu zake unawajua vizuri tu, wale wenye kichwa chekundu au cha bluu wanaokaa juani kwenye mawe na kuta wakipiga pushapu, ukoo wao ni mmoja, Agamidae. Huyu ni binamu wa mbali aliyezaliwa Uingereza, maana Australia hairuhusu biashara ya kuwatoa wanyama wake wa asili wakiwa hai, hawa wa madukani wote ni wa kuzalishwa huku huku vizazi na vizazi.

Mimi sikumtafuta. Rafiki wa binti yangu shuleni walikuwa wanahamia flati ambayo mwenye nyumba hataki mnyama wa aina yoyote, binti akaja na lile swali la "baba, kwa muda tu", na nyie wenye watoto mnajua kwa muda tu huwa ni muda gani. Akaja na tangi la kioo dogo la kufugia samaki, ndani mchanga, taa moja nyekundu, na jiwe la plastiki linalochomekwa kwenye umeme ati ndio kitanda chake cha joto. Walipomnunua dukani waliambiwa hivyo vinatosha. Binti kaziangalia zile ndevu akasema huyu anaitwa Babu, na Babu akabaki.

Sasa Babu alipofika hakuwa mzima. Vidole vilikuwa vinamtetemeka kama mtu mwenye homa, akitembea tumbo linaburuza badala ya kujiinua kwa miguu yote minne, na taya la chini ukiligusa linabonyea. Nikampeleka kwa daktari wa wanyama, na hapo ujue si kila daktari wa mbwa na paka anawajua reptilia, inabidi uulizie yule mwenye uzoefu nao. Akapigwa eksirei. Mifupa kwenye picha ilikuwa hafifu, ukiangalia unaona kabisa haina ule weupe wa mfupa wenyewe. Bili sitaitaja ila ilinitoa jasho mwezi wa pili na theluji iko nje. Daktari akasema huyu tatizo lake si njaa, amekosa jua.

Hili ndilo nililolielewa na yote yaliyofuata yanatokana nalo, kwa hiyo nalieleza kwa kirefu kidogo. Mjusi huyu hata umlishe kalsiamu asubuhi na jioni, mwili hauwezi kuifyonza bila vitamini D3, na D3 anaitengeneza kwenye ngozi akipigwa na ule mwanga wa jua usioonekana kwa macho, UVB. Akiukosa, mwili unahitaji kalsiamu ya kuendeshea misuli na moyo, hauna pa kuitoa, basi unaanza kuikopa kwenye mifupa. Ndio taya linakuwa laini, mgongo unapinda, vidole vinatetemeka. Na usiseme nitamweka dirishani, kioo cha dirisha kinapitisha mwanga na joto lakini UVB kinaizuia karibu yote, anaota jua ambalo halimsaidii kitu.

Nilicheka mwenyewe pale kwa daktari maana mimi pia natumia vidonge vya vitamini D. Watu weusi tunaoishi huku tunashauriwa kabisa na huduma ya afya ya hapa tuvitumie hata mwaka mzima, jua la huku ni dogo na ngozi yetu inalichuja. Yaani nyumba nzima, mimi, mama watoto, watoto, na mjusi, wote tuna upungufu wa kitu kimoja, wote tumetolewa kwenye jua tukaletwa huku Yorkshire, jimbo lenye Leeds. Nikaacha kumwona Babu kama toi la mtoto tangu siku ile.

Basi nikaanza upya. Tangi nikalitoa, nikapata kabati la mbao la mtumba lenye vioo vya kuslaidi mbele, urefu sentimita 120, kina 60 na kimo 60, ambacho ndicho kipimo watu wengi huku wanakichukulia kama cha chini kwa mkubwa. Mbao inatunza joto kuliko kioo, na kwenye nchi ambayo hita ikizimwa usiku unaamka unaona pumzi yako hilo si jambo dogo. Ile taa nyekundu nikaitupa, hawa wanaona rangi vizuri, ukimwashia taa nyekundu usiku ni kama kumnyima usingizi. Jiwe la umeme nalo nikalitupa, na hilo ningependa lipigwe marufuku kabisa, mnyama huyu maumbile yake anategemea joto litoke juu, huko chini ya tumbo hata likimuunguza anachelewa kushtuka, wanapatikana na malengelenge tumboni.

Taa zinatakiwa mbili na kila moja ina kazi yake, hapo ndipo wengi wanapochanganya. Moja ni ya joto, halojeni ya kawaida tu, inawekwa upande mmoja wa kabati juu ya gogo au jiwe lake la kuotea, na izungushiwe wavu wa chuma maana anaruka na kujishika popote. Ya pili ni bomba la UVB, mimi natumia lile jembamba linaloitwa T5, la UVB asilimia 12, wati 39, linafunika kama theluthi mbili ya kabati kuanzia upande wa joto, na kati ya bomba na mgongo wake iwe kama sentimita 35 hadi 40. Ukiliweka juu ya wavu, wavu peke yake unaweza kula hata theluthi ya nguvu yake. Halafu kuna hili linalouma mfukoni, bomba unalibadilisha kila baada ya mwaka hata kama bado linawaka vizuri, kwa sababu mwanga unaouona wewe hauishi lakini ule usiouona unapungua kimya kimya. Jirani yangu mmoja alinambia hizo ni mbinu za biashara, nami ningeamini hivyo hivyo kama nisingeiona ile eksirei.

Joto sasa. Pale anapootea, juu ya jiwe lenyewe, nyuzi 40 hadi 42. Upande wa pili wa kabati 24 hadi 26. Usiku taa zote zizimwe na ikishuka mpaka 18 au 20 hana shida, ikishuka zaidi ya hapo kuna kifaa cha kauri kinachotoa joto bila mwanga, nacho kiwe na themostati, yaani kidhibiti joto. Sababu ya kuwa na pande mbili ni kwamba mjusi hatoi jasho wala hana moto wake wa ndani, yeye anarekebisha mwili kwa kutembea, akipoa anakwenda kwenye taa, akizidiwa anarudi kivulini, ukimpa joto moja kabati zima umemnyima hiyo nafasi. Utamwona kwenye jiwe mdomo wazi kabisa kama anayetaka kuimba, wageni wanaogopa wanadhani anataka kuuma, kumbe anapunguza joto tu. Na asubuhi kabla taa haijashika anakuwa mweusi mgongoni ili avute joto haraka, baada ya nusu saa amerudi rangi yake ya mchanga.

Kupima usitumie vile vipimajoto vya mviringo vinavyobandikwa ukutani, vinapima hewa ya pale vilipobandikwa basi. Tafuta bunduki ya kupimia joto, jamii ya zile za korona tulizokuwa tunaelekezewa kwenye paji la uso, ila hii ni ya mafundi inayosoma mpaka nyuzi mia na kuendelea, unaelekeza kwenye jiwe unabonyeza. Themostati usiifanyie ubahili, nunua ile ya kufifisha taa taratibu.

Umeme wenyewe si mchezo lakini si kama watu wanavyotisha. Taa ya wati 100 kwa saa 12 ni yuniti 1.2, bomba lile halifiki nusu yuniti, na themostati ikishaifikisha taa pale inapotakiwa inaipunguza nguvu. Tungekuwa nyumbani na Luku ukutani ningekuwa naziangalia zinavyoshuka na presha inanipanda, ila tungekuwa nyumbani hata hizo taa nisingezihitaji sana, ningemtoa tu nje.

Chini nimeweka tailizi zilizobaki kwa fundi, zenye kukwaruza kidogo ili ashike kwa kucha na zinamsaidia kuzipunguza. Mchanga kuna watu wanautumia wakichanganya na udongo na wanyama wao wanadunda tu, sibishani nao, lakini mnyama dhaifu anayelenga nzige na kula mchanga nusu nusu anaweza kuziba tumbo, kwa hiyo Babu miezi ya mwanzo alilalia karatasi za jikoni.

Chakula ndio kimenipa vituko. Huku nzige wanauzwa kwenye viboksi vya plastiki, wamepangwa kwa saizi kama viatu, na ni nzige wa jangwani wale wale waliovamia Kenya mwaka 2020 wakamaliza mashamba, leo mimi natoa pauni zangu nawanunua. Mama nilipomwonesha kwenye simu alinyamaza, halafu akauliza "unawanunua?", akanyamaza tena. Kuna rafiki yangu mmoja wa Bukoba akija anafungua boksi anawaangalia kwa jicho ambalo si la mjusi, ananiuliza kama wanakaangika kama senene, nimemwambia mara ngapi hawa si wako. Nyenje ni rahisi zaidi lakini wanapiga kelele usiku na wakikimbia hutawaona tena ila utawasikia nyuma ya friji, na usiwaache kwenye kabati usiku maana wanamng'ata mjusi akiwa amelala. Mende wa kufugwa ndio lishe nzuri kuliko wote ila mama watoto amesema mende hawezi kuingia nyumba hii kwa kulipiwa, na hapo hakuna mjadala.

Mdudu asizidi upana wa nafasi kati ya macho yake mawili. Unawalisha hao wadudu majani na karoti siku moja kabla, halafu unawatia kwenye mfuko na unga wa kalsiamu unatikisa wanatoka weupe kama wametoka kusaga. Akiwa mdogo anakula wadudu zaidi, akishakua inageuka, majani ndio yanakuwa mengi na wadudu mara chache kwa wiki. Na hapa mtu wa Afrika Mashariki una bahati, majani bora kabisa kwa huyu mnyama ni sukuma wiki! Nakata bua nampasulia jani vipande vyembamba, nachanganya na boga lililokunwa na majani ya yale maua ya njano yanayoota yenyewe kwenye nyasi huku, machungu kama mchunga wa Tanga. Ila mchicha na spinachi hapana, labda kidogo mara moja moja, vina kitu kinachoikamata kalsiamu isiingie mwilini, na parachichi usimpe kabisa ni sumu kwake. Babu mwanzoni alikuwa anayatupa majani yote anasubiri nzige, tukawa tunamwekea majani asubuhi na wadudu mpaka mchana, njaa ikamfundisha adabu.

Ukitaka kuona anavyowinda kaa chini usawa wake. Kichwa anakiinamisha upande mmoja ili jicho moja limwangalie nzige sawasawa, ncha ya ulimi inachungulia mdomoni kidogo tu, mwili hautikisiki, halafu ghafla kashamaliza, unachosikia ni kule kutafuna kama mtu na karanga.

Na wanaongea kwa mwili. Ndevu zikiwa nyeusi amechukia au ameogopa, zake zinawaka zaidi akiona mashine ya kufyonza vumbi. Akiinua mkono mmoja akauzungusha polepole kama anapunga, anasema mimi mdogo usinidhuru, na akitikisa kichwa juu chini anasema mimi ndio mwenye eneo. Usimshike kwa kumtokea juu, pale utosini ana jicho la tatu, doa dogo tu, haliangalii picha bali linahisi mwanga na kivuli, na kivuli kutoka juu kwake maana yake mwewe. Unaleta mkono kwa ubavu, chini, unaingiza vidole chini ya kifua. Mkia usiushike hata siku moja, ukikatika haurudi, si kama wa mjusi wetu wa ukutani.

Sasa Babu. Mwaka uliofuata majira ya machipuko akaanza vurugu, anakwangua kioo usiku na mchana, anachimba tailizi ambayo haichimbiki, hali, na tumbo ukilipapasa kwa upole unahisi vitu vya mviringo kama gololi. Binti akasema baba ana uvimbe, mimi moyo ukadunda, nikapiga simu kwa daktari, akauliza mna uhakika ni dume? Hakuna aliyekuwa na uhakika, jina lilitokana na ndevu, na ndevu wanazo wote. Jike wa aina hii anataga hata kama hajawahi kuona dume maisha yake yote, kama kuku tu, na asipopata pa kuchimba anaweza kuyabana mayai ndani yakamuua.

Tukamtafutia boksi la plastiki refu, udongo safi umechanganywa na mchanga, umeloweshwa kidogo kiasi kwamba shimo halibomoki, kina zaidi ya sentimita 20. Alizama humo mpaka kikaonekana mkia tu, anachimba, anatoka kupumzika chini ya taa uso umejaa udongo, anarudi. Jioni akageuka, makalio shimoni, akataga. Kisha akafukia kwa kichwa, anashindilia kwa pua kabisa, kwa makini ambayo sijaona fundi yeyote akiyafanya. Alitoka amekonda ngozi imelegea mbavuni, akanywa maji kwenye bomba la sindano nililomdondoshea puani, akala nzige bila kuchagua. Mayai yalikuwa ishirini na kitu, meupe yenye unjano, hayana kitu, tukayagandisha kwenye friza kwanza ndipo yakatupwa. Nikatuma ujumbe kwenye kundi la familia: Babu ametaga. Shangazi yangu akajibu na sala.

Halafu nikaja kusoma jambo lililonifurahisha zaidi, mwaka 2015 watafiti wa Australia walichapisha kwamba kwa mjusi huyu huyu, mayai yakikaa kwenye joto kali sana, kilichokuwa kitoke dume kwa vinasaba kinatoka jike, na porini wamewapata wa hivyo, wanataga kama kawaida. Kwa hiyo inawezekana binti yangu hakukosea kihivyo.

Kipindi cha kutisha kwa mgeni wa mambo haya ni baridi ikianza. Babu huwa anaanza kulala mapema, anaingia kwenye pango lake, hali, halafu anapotea wiki kadhaa kabisa, ukimgusa ni baridi na hashtuki. Si mgonjwa, ni usingizi wa msimu, wengine wanaufanya wengine hawaufanyi. Ila kabla ya hapo napeleka choo chake kikapimwe minyoo, kwa maana mwenye vimelea akilala navyo ndio vinamla, na asilale na chakula tumboni maana bila joto hakimeng'enywi kinaoza. Nampima kwenye mzani wa gramu kila wiki, yeye ana mia nne na ushee, kupungua kidogo kawaida, ikikaribia asilimia kumi namwita daktari. Mwaka wa kwanza mama watoto alinikuta saa nane usiku nimeshika tochi naangalia ubavu kama unapanda na kushuka, akanambia watoto wako hukuwaamkia hivi. Kweli.

Usafi hatufanyi utani. Reptilia wanabeba salmonela, bakteria wa kuharisha, wakiwa wazima kabisa, kwa hiyo vyombo vyake haviingii sinki la jikoni, ana ndoo yake na brashi yake, kila anayemshika ananawa kwa sabuni, na mtoto wetu wa mwisho mpaka atimize miaka mitano anamwangalia kwa kioo. Akiambua ngozi, inatoka vipande vipande, usimvute hata ikikukera, ila kagua vidole na ncha ya mkia, ngozi ya zamani ikibaki imezunguka pale inakaza kama uzi na damu haipiti. Maji ya uvuguvugu na mswaki laini inatosha.

Mikono haitetemeki tena. Taya limekaza, mgongo umebaki na kibyongo kidogo ambacho daktari alisema hakitaondoka. Siku chache za kiangazi ambazo Leeds inapata jua la maana namtoa bustanini na kamba yake ya kifuani, analala kifudifudi kwenye sakafu ya mawe, amejibana akawa bapa, na mimi nakaa pembeni na kiti nimevua fulana, majirani wameshazoea.

Kinachonisumbua sasa hivi ni safari ya Desemba. Nyumbani tunakwenda wiki nne, kumleta haiwezekani, na kila ninayemuomba amkalie anakubali vizuri mpaka nifungue lile boksi la nzige. Yule wa Bukoba amejitolea. Namfikiria, lakini itabidi niwahesabu nzige kabla sijaondoka.